Ukimya wa Daktari wa Anga ya Saba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa shangazi yangu kazini, nimkatekate. Sijui niseme vipi vingine.

Bosi aliingia kwenye chumba changu cha uhariri bila kubisha, kama kawaida yake. Akaweka diski mezani, juu kabisa ya mkate wangu. "Wasafiri wa Anga ya Saba," akasema. "Msimu wa kwanza wote. Nataka uwe mpya kabla mvua hazijaisha."

Nikamwangalia. Hiki si kipindi cha kuambiwa tu hivihivi. Kilitengenezwa hapahapa kituoni miaka arobaini iliyopita, kwa picha nyeusi na nyeupe: watu wachache ndani ya chombo, wamekimbia sayari iliyokauka, wanatafuta pa kuishi. Kuna Nahodha, kuna Fundi, kuna Roboti aliyetengenezwa kwa madebe. Na kuna Daktari. Daktari huyo ndiye shangazi yangu, dada yake marehemu baba, aliyenilea tangu sijaanza shule, ambaye muda huu ninapoandika yuko sebuleni ananung'unika kwamba chumvi imezidi. Mtaani mpaka leo wanamwita Daktari. Kuna mama mmoja humfungulia mdomo kabisa amwangalie koo.

Bosi tunamwita Bi Kasi. Si mtu mbaya, ila hajui kukaa. "Watazamaji wa leo wana haraka," alisema akiwa ameshafika mlangoni. "Dakika hamsini ziwe ishirini na tano. Tia rangi. Nyota weka mpya. Na ukimya kata wote. Mtu akinyamaza zaidi ya sekunde tatu, watu wanadhani intaneti imekatika."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilirudi nyumbani roho mkononi, nikijua Shangazi atawaka. Mwanamke huyu hataki nitupe hata kikombe chenye ufa. Nikamweleza. Akanisikiliza, akakuna kisigino, akasema, "Kata. Watu wana kazi zao."

Kata! Hivyo tu. Naenda kulala na mshangao wangu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Paa la kituo linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Nimetazama sehemu tatu za mwanzo, na nakiri zinachosha. Jioni nikamuuliza Shangazi kwa nini hawakurudia pale mlango wa chombo unapogoma kufunguka na Nahodha anausukuma kwa bega.

"Turudie na nini?" akasema. "Kanda zilikuwa ghali kuliko sisi. Mashine ya kukata haikuwepo. Ukiwashwa mtambo, mnaigiza mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Ukijikwaa, umejikwaa mbele ya watu wote. Mlango ukigoma, Nahodha anasema nguvu za sayari zimeushika, mnaendelea."

"Na ukisahau maneno?"

"Kulikuwa na mtu nyuma ya mitambo ya chombo, amechutama na karatasi. Anakunong'oneza." Akainuka kwenda kufunga dirisha, ingawa lilikuwa limefungwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeua zimwi la sehemu ya pili. Lilikuwa dekio lililogeuzwa kichwa chini. Nimeweka la kompyuta, lina meno, halitishi hata kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemaliza sehemu mbili za kwanza nikamwonyesha binti yangu. Ana miaka kumi na mitano na kila kitu anakitazama kwa kasi mara mbili, hata salamu za bibi yake angeweza angezikimbiza. Nikamwonyesha kwanza ya zamani.

"Mama, mbona wanaongea kama wanasubiri basi?"

Nikamwonyesha yangu. Akaitazama mpaka mwisho bila kugusa simu. Nilijisikia mtu. Halafu akauliza, "Lakini Bibi yuko wapi? Si ulisema yumo?"

Nikarudi kuangalia. Kweli bwana. Shangazi hayumo. Yumo, lakini hayumo. Fundi anaropoka, Nahodha anaamrisha, Roboti anapiga kelele, hao wote wamebaki. Shangazi yeye alikuwa anasikiliza. Mtu anamweleza shida, anamtazama, anamtazama, ndipo anasema neno moja. Mimi nimebakiza lile neno moja. Amekuwa mtu anayepita na kusema "Ndiyo" na "Mpeni maji."

Sasa sielewi. Ikiwa kipindi ni kizuri bila yeye, ina maana hakuwa na kazi? Na kama alikuwa na kazi, mbona kipindi kimependeza?

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwonyesha Shangazi. Nilikaa pembeni nikimwangalia usoni, roho juu. Akapiga makofi. "Nimekuwa mwepesi! Tazama, nilikuwa na kiuno!" Kisha, bila kunigeukia: "Umefika ya mwisho?"

"Bado."

"Na ya mwisho ukate. Hasa hiyo."

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nyota. Zile za zamani zilikuwa matundu kwenye kitambaa cheusi, taa nyuma yake. Nimezifuta siku nzima, moja moja.

Jumatatu, 24 Machi

Shangazi ameuliza tena kama nimefika ya mwisho. Asubuhi akiwa anapiga mswaki, akauliza na povu mdomoni. Nikamwambia nimefika ya nane. "Fanya haraka," akasema. Amekuwa Bi Kasi wa pili.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefika ya mwisho.

Sehemu hii hakuna asiyeijua. Hata mimi, niliyekuwa mtoto wa miaka mitatu ilipotoka, nimehadithiwa na walimu, na muuza duka, na daktari wa kweli aliyenizalisha. Hewa ya chombo haitoshi. Lazima mtu mmoja abaki kwenye kituo kilichokufa ili wengine wafike. Nahodha anamgeukia Daktari, maana ndiye anayejua afya ya kila mmoja, anamuuliza: "Daktari, nani abaki?"

Shangazi hajibu.

Kamera imemganda usoni. Mvua inapiga bati la studio, unaisikia, wakati wako angani ambako mvua hakuna, lakini nani alijali. Hajibu. Macho yanashuka, yanapanda. Karibu dakika nzima inapita. Halafu anasema, taratibu: "Nabaki mimi."

Watu walilia. Mpaka leo akienda sokoni kuna wa kumshika mkono: Daktari, ule ukimya wako! Yeye huchomoa mkono, huuliza bei ya vitunguu. Siku zote nimedhani ni unyenyekevu.

Nimekaa na kidole juu ya kitufe. Sikukata. Nikaenda kwa Bi Kasi nikamwomba, huu mmoja tu tuuache. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaotisha: "Unaomba kama mhariri au kama mtoto wa shangazi yako?"

Nikasema kama mhariri. Sina hakika kama ni kweli.

"Basi tuwaulize watazamaji," akasema.

Jumatano, 9 Aprili

Tumewaita vijana ukumbini, nusu wakatazama ukimya mrefu, nusu wa sekunde tatu. Wa sekunde tatu wote waliipenda, hakuna aliyelia. Wa ukimya mrefu: wawili walitoka, mmoja alisimama kwenda kutikisa waya wa spika, na msichana mmoja alilia mpaka akaombewa maji. Bi Kasi ameyaona matokeo akasema ameshinda. Mimi nikaona nimeshinda. Tumeachana kila mtu akimhurumia mwenzake.

Nimemsimulia Shangazi. Akauliza, "Huyo aliyelia analilia nini?"

"Anakulilia wewe."

"Mwambie asinililie. Kata, mwanangu."

Alhamisi, 10 Aprili

Kichwa kinaniuma. Mvua haikatiki.

Jumatatu, 14 Aprili

Fundi wetu wa sauti tunamwita Sikio. Ni kijana mtulivu, mwenye hedifoni shingoni hata akiwa anakula. Amepata programu mpya ya kuondoa kelele, ameondoa mvumo wa feni sehemu zote, sasa anataka kuondoa ile mvua ya bati kwenye sehemu ya mwisho. Saa tisa alasiri akanipigia simu, na ofisi yake iko ukuta wa pili.

"Dada, njoo. Kuna mtu ndani ya mvua."

Nikadhani amechoka. Akanivika hedifoni. Mvua ikiwa imeondolewa, ule ukimya hauko kimya. Kuna sauti ya mwanamume, chini kabisa, ya kunong'ona. Nilisikiliza mara ya kwanza nikapata neno moja, mara ya tatu nikapata yote:

"Ubaki wewe, Nahodha... Ubaki wewe, una homa ya sayari..."

Kimya kidogo. Kisha tena, kwa haraka kidogo: "Ubaki wewe, Nahodha."

Sikio akanitazama. Mimi nikamtazama. Kisha tukaangua kicheko mpaka nikashika meza. Jamani! Alisahau! Ukimya ulioliza watu miaka arobaini, Shangazi alisahau maneno, mnong'onezi wa watu anamrushia jibu na yeye hasikii kwa mvua, mwisho akabahatisha la kwake! Ndiyo maana hataki kuusikia. Ndiyo maana anachomoa mkono sokoni. Maskini, kila akisifiwa anachomwa sindano.

Nimecheka njia nzima. Karibu na nyumbani kicheko kikakauka. Ikiwa ni kusahau tu, mimi napigania nini? Na yule msichana alilia nini?

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwambia Shangazi, kwa utani, nikijua atafoka. "Shangazi, siri yako nimeijua. Ulisahau maneno."

Aliinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichambua. Kisha akasema, "Haya. Nilisahau. Umejua sasa. Kata."

Amekiri! Mwanamke asiyewahi kukiri hata kwamba amesahau miwani, anaitafuta nyumba nzima huku anasema wameiiba. Amekiri kwa neno moja, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo nilipoacha kumwamini.

Alhamisi, 17 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nimefika nyumbani, nimefunga mlango wa chumba.

Asubuhi nilimwomba Sikio asafishe na kipande kinachofuata, baada ya "Nabaki mimi," mpaka muziki unapoingia. Alisafisha, akanipa hedifoni, akatoka nje. Baadaye ameniambia alitoka kwa sababu alishasikia, na hakujua aweke wapi uso wake.

Shangazi anasema, "Nabaki mimi." Na yule mtu nyuma ya mitambo, palepale, ananong'ona:

"Dada! Dada, siyo hivyo."

Anakohoa, amejiziba mdomo, kikohozi kirefu. Kisha:

"Dada, unafanya nini? Wewe ndiwe Nahodha sasa. Dada."

Mwanzo nilijitetea. Nikajiambia dada huitwa na kila mtu, hata mimi Sikio ananiita dada. Nikairudia. Nikairudia. Lakini hakuna anayemwita mwigizaji dada katikati ya kurekodi, kwa sauti ile, ya mtu aliyeshikwa na hofu nyumbani kwake. Shangazi alikuwa na ndugu mmoja tu. Huyo ndugu alifanya kazi hapa kituoni, mimi niliambiwa "mambo ya karatasi," nikakua nikidhani alikuwa karani. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka uliofuata.

Baba yangu ninaye kwenye picha moja, amevaa shati lenye kola kubwa. Sauti yake sikuwahi kuwa nayo. Sikujua kwamba ni nyembamba. Nilidhani, sijui kwa nini, kwamba ilikuwa nzito.

Nimekaa na sauti ya baba yangu masikioni, anahangaika, anakohoa, na mimi nina umri mkubwa kuliko wake. Nimelia kwa sauti, nimelia bila aibu, mpaka Bi Kasi akafungua mlango, akaniona, akaufunga tena bila kusema neno. Leo nimempenda kwa hilo.

Na bado sielewi! Hakusahau, basi. Alipewa jibu mara tatu. Kama maikrofoni ililinasa, na yeye alilisikia. Akasema lingine.

Ijumaa, 18 Aprili

Sikulala vizuri. Binti akaenda shule, nikabaki na Shangazi jikoni, nje mvua inamwagika. Sikumzungusha. Nikamwambia, "Shangazi, nimemsikia Baba."

Kisu kikasimama kwenye kitunguu.

"Wapi?"

"Nyuma ya mitambo. Anakuambia siyo hivyo. Anakuita dada."

Akakaa kwenye kigoda taratibu, akanawa vidole kwenye bakuli ambalo halikuwa la kunawa. Halafu akaanza, na sauti yake ikawa ya chini, siyo hii ya kugombana na chumvi.

"Aliniambia asubuhi ile, kwenye ngazi za studio. Daktari wa kweli amemwambia mwaka mmoja, pengine usifike. Aliniambia kama anayeomba radhi. Mama yako ameshakufa kwa kukuzaa wewe, na sasa na yeye. Nikamuuliza, mtoto? Akasema atatafuta mtu. Mtu! Kama anatafuta nyumba ya kupanga."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshatia saini msimu wa pili. Nahodha anabaki kwenye kile kituo kilichokufa, mimi nakalia kiti chake. Mwanamke, nahodha wa chombo! Hakukuwa na mwingine aliyewahi. Miaka mitatu, mji mwingine, siku nzima kazini. Mtoto huwezi kumlea humo." Akajifuta macho kwa mkono wa kitunguu, akazidi kuyachoma, akatukana kidogo. "Ningekwenda kwa mkubwa kumwambia siwezi, angenibembeleza na ningekubali. Najijua. Nilipenda kile kiti. Lakini mtambo ukiwaka hausimami. Nikisema mbele ya kamera, limesemwa. Hakuna wa kulirudisha."

"Kwa hiyo ulijiua."

"Nilijibakiza," akasema. "Walinifokea, waliandika upya msimu mzima. Baba yako hakuzungumza nami wiki nzima. Baadaye alikuja na begi lako dogo, akaliweka mlangoni, akasema, dada, anapenda uji usio moto. Basi."

Nikamkumbatia akiwa amekaa, tukawa kituko, pua yangu kwenye kilemba chake. Nilijua amenilea, hilo hata majirani wanalijua. Sikujua kwamba aliniokota kwa kuangusha kitu kingine. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii.

"Nikuambie ili iwe nini? Kila nikikukaripia useme, shangazi aliacha unahodha kwa ajili yangu, nimvumilie? Sikutaka shukrani ndani ya nyumba. Nilitaka uoshe vyombo."

Nikacheka na kulia pamoja. Kisha nikamwambia, sasa basi najua, hakuna siri tena, niache ule ukimya wote watu wauone. Uso ukamkunjika palepale.

"Kata," akasema.

"Lakini kwa nini?"

Akarudi kwenye kitunguu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekosea. Nimemwambia Bi Kasi. Nilidhani akijua ataniruhusu kuuacha ukimya. Nilimsikilizisha, nikamweleza, naye akasikiliza amesimama wima, mara ya kwanza namwona hatikisi mguu. Macho yakamjaa machozi, nisimsingizie. Kisha akayafuta na akawa Bi Kasi.

"Tunauacha," akasema. "Wote. Na mnong'ono tunaupandisha, usikike wazi. Maneno yake tunayaandika chini ya picha. Tunatangaza wiki mbili kabla."

"Bila mnong'ono je? Ukimya tu?"

"Bila mnong'ono ni mwanamke anayenyamaza. Sekunde tatu." Akanigusa bega. "Mwamuzi ni wewe, ni familia yako. Nataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi."

Sasa nimebaki njia panda. Nikitaka watu waone ukimya wa Shangazi, lazima niwauzie kifo cha baba yangu. Nikitaka kumstiri, lazima nimkate. Na mwenyewe anataka akatwe, na hasemi kwa nini, maana siri nimeshaijua mimi, na watu wengine anaweza kuwaficha hata ukimya ukibaki. Sielewi anaogopa nini tena.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemuuliza tena. "Ni mnong'ono unaoogopa? Sikio anaweza kuufuta."

"Sijasema naogopa."

"Basi?"

"Mwanangu, nimekuomba kitu kimoja tangu uzaliwe."

Uongo mtupu. Ameniomba vitu elfu, leo asubuhi tu vinne.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imepungua. Binti ananiuliza kwa nini namtazama Bibi sana.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekata.

Sikumaliza kufikiri, nilichoka tu kufikiri. Nilijiambia maisha ni yake, uso ni wake, na kama anataka kubaki na sekunde tatu ni haki yake, hata kama mimi naona ni wazimu. "Daktari, nani abaki?" Moja, mbili, tatu. "Nabaki mimi." Mvua imefutwa, mnong'ono umefutwa. Sikio ameniwekea ule mrefu kwenye diski yangu bila kuombwa.

Bi Kasi alisaini bila kugombana. "Umekataa tangazo la mwaka," akasema, na nadhani aliniheshimu kidogo. Au alinihurumia. Kwake huwa sitofautishi.

Nimerudi nyumbani nimevunjika moyo kabisa. Nimemkata mwanamke aliyenilea mahali pale pale aliponichagua. Nilimwambia Shangazi, "Nimekata." Akanipiga mgongoni mara mbili, kama mtu anayepongeza mtoto kwa kumaliza maziwa.

Alhamisi, 15 Mei

Jua. Nguo zimekauka kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Leo sehemu ya mwisho imetoka. Tulikaa sebuleni watatu. Binti yangu, kwa heshima ya siku, akakubali kasi ya kawaida. Shangazi alivaa gauni lake la kutokea na mkufu, kana kwamba wanamwona. Rangi zimekaa vizuri, chombo kinang'aa, nyota nyingi kuliko inavyostahili. Mimi nilikuwa nasubiri tu pale pa sekunde tatu.

Nahodha akageuka. "Daktari, nani abaki?"

Sekunde tatu zikapita, fupi kama kupepesa jicho.

"Nabaki mimi."

Binti yangu akaruka kwenye kochi. "Bibi! Hukufikiria hata kidogo! Kakuuliza tu, ukajibu!"

"Hata kidogo," akasema Shangazi.

Nikamgeukia. Alikuwa anatabasamu, machozi yanamteremka mpaka kwenye mkufu, hayafuti. Binti akarudi kutazama. Shangazi akaniinamia sikioni.

"Wanausifu ule ukimya," akasema. "Miaka arobaini wananishika mkono. Hawajui nilikuwa nafanya nini mle ndani. Nilikuwa nakupima, mwanangu. Wewe upande huu, kiti upande ule. Baba yako ananong'ona nipate kiti, nami namsikia vizuri sana, na nilikuwa karibu kusema alivyosema. Karibu kabisa. Muda wote ule. Mtoto wa miaka mitatu, amelala kwa jirani, hajui kama anapimwa."

"Shangazi, lakini ulisema mimi."

"Nilichelewa kusema." Akaonyesha televisheni kwa kidevu. "Leo sikuchelewa."

Sasa ndiyo nimeelewa, na nilivyoelewa nikachanganyikiwa zaidi. Mimi ule mrefu ndio ninaoupenda. Aliyenichukua bila kufikiri angenichukua kama mtu anavyookota paka mvuani. Huyu alikitazama kiti, akakitaka kwa moyo wote, akakiacha. Nikamwambia hivyo, kwa maneno mabovu, nikikatizwa na kwikwi. Nikamwambia, "Shangazi, mimi ule mrefu siufuti. Nautaka."

Akanifuta shavu kwa kiganja, kwa nguvu, kama zamani akinifuta uji.

"Haya, ule mrefu uwe wako," akasema. "Huu wa leo uwe wangu."

Kisha akaniambia niongeze sauti, Nahodha alikuwa anaanza kumuaga.